Kula Sahani Moja

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

 

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam. Sitamtaja jina wala mtaa, maana mwenyewe ameomba hivyo. Anasema binti yake yuko kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata, kwa sababu mwaka ule alipochaguliwa mambo ya nyumbani hayakuwa mazuri. Sasa mambo yamenyooka. Baba amepata kazi nzuri, na anataka kumhamishia mtoto katika shule ya kulipia, ya bweni, yenye basi lake na sare ya koti. Mama hana ugomvi na shule hiyo. Kinachomsumbua ni sababu aliyoitoa baba. Baba amesema: "Simhamishi kwa ajili ya masomo tu. Namhamisha ili aachane na yule rafiki yake."

Na huyo rafiki ni nani? Ni mtoto wa mama lishe, anayeuza chapati na maharage karibu na kituo cha daladala. Si mwizi, si mhuni, na darasani mara nyingi ndiye anayeshika namba moja. Kosa lake ni kwamba mama yake anauza chapati.

Mama anauliza: "Je, nikubali?"

Ndugu wasikilizaji, barua ile niliisoma mara mbili, nikaiweka mezani, nikakaa kimya. Ilinigusa mahali ambapo kwa miaka mingi sikupenda paguswe. Kwa hiyo kabla sijamjibu mama huyu, nawaomba tusafiri kidogo kwenda kusini, mpaka Umatengo.

Ukitoka Songea kuelekea magharibi unafika Mbinga. Ukiendelea kupanda unaingia katika milima ya Wamatengo, huko Litembo, na huko Mbuji, penye lile jiwe kubwa linaloitwa kwa jina la mahali penyewe. Ukishuka upande wa pili wa milima unakutana na Ziwa Nyasa na miji midogo ya ufukweni: Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Siku hizi ufukwe ule ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Zamani yote ilikuwa wilaya moja. Watu wa milimani hulima kahawa, mahindi, maharage. Watu wa ziwani huvua usipa na kula muhogo.

Wamatengo wanasifika kwa kilimo chao cha ngolo. Ni mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali, yakapangwa kama masega ya nyuki. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya mistari hiyo na kuyafukia majani yale. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo mpaka bondeni. Wataalamu kutoka nchi mbalimbali wamekwenda kule kujifunza, maana mlima ambao kwingine ungekuwa umebaki mwamba mtupu, kwao bado unazaa maharage.

Lakini mimi leo sitaki kuzungumzia ngolo. Nataka kuzungumzia desturi yao nyingine isiyojulikana sana mijini, nayo huitwa sengu. Zamani ukoo wa Kimatengo ulikaa pamoja katika mlima mmoja chini ya mzee wao. Ikifika saa ya chakula, kila nyumba ilipeleka ilichopika kwa mzee yule. Watu walikula pamoja, na baada ya kula walizungumza mambo yao: nani anaumwa, nani amegombana na nani, shamba gani limechelewa. Vijana walifundishwa adabu na kazi hapo hapo.

Hebu fikirini hekima iliyomo humo. Nyumba iliyopata na nyumba iliyokosa zilikula sahani moja. Mtoto ambaye mama yake hakuwa na kitu siku ile alishiba kama wenzake, na hakuna aliyemnyooshea kidole, maana chakula kikishafika pale kilikuwa cha wote. Basi wazee wale, bila kusoma kitabu chochote, walikuwa wamegundua namna ya kumficha mtoto aibu ya umaskini.

Sasa nieleze nilivyoijua mimi desturi hiyo, na nilivyoikosea.

Mwaka 1989 nilikuwa mwanafunzi katika shule moja ya bweni mkoani Ruvuma. Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali. Hatukuwa matajiri, lakini mshahara ulifika kila mwezi, na nilipokwenda shule nilibeba tranka la bati lenye kufuli. Ndani mlikuwa na sabuni za kutosha, sukari, karanga, dawa ya viatu na masweta mawili. Kitanda cha chini yangu alilala kijana wa Mbuji. Yeye alikuja na sanduku la mbao lililogongwa na fundi wa kijijini, limefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na shuka moja, madaftari, na mfuko wa maharage ya kukaanga.

Tulikuwa marafiki wa kweli. Yeye alinisaidia hesabu, mimi nilimsaidia Kiingereza. Sukari yangu tulikunywa wote kwenye uji, na maharage yake tulitafuna wote usiku. Baridi ilipozidi nilimpa sweta moja, akalivaa kama lake. Wala sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza habari ya nani ana nini. Watoto wakipendana hawapigi hesabu.

Juni mwaka ule shule ilifungwa, na nauli yangu ilichelewa. Baba alikuwa amehamishiwa mkoa wa mbali. Rafiki yangu akaniambia, "Twende kwetu." Tukaenda. Sehemu tulipanda lori, sehemu tulitembea kwa miguu, tukafika jioni ukungu umeshatanda na baridi inauma masikio.

Nilikaa huko karibu wiki tatu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Nilijifunza kwamba kahawa haiokotwi kama embe. Unachuma punje nyekundu moja moja, unazimenya kwa mashine ya mkono, unaziloweka, unaziosha, unazianika, unakaa unazichambua. Halafu mkulima anaibeba mpaka chama cha msingi, na hapo halipwi yote. Anapewa malipo ya kwanza. Wakati ule kahawa ilikwenda kukobolewa, ikasafirishwa mpaka mnadani Moshi, na baada ya miezi mingi ndipo aliitwa kupewa malipo ya pili, pengine na ya tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa likinishangaza shuleni: kwa nini watoto wa wakulima walikuwa wa mwisho kulipa ada kila mwaka. Ada ilidaiwa Januari, na fedha ya kahawa ilikuja inapotaka. Mwalimu aliyesema wazazi wale hawajali elimu alikuwa hajui kalenda ya kahawa.

Na jioni, wajukuu wote tuliitwa kwa babu. Sengu yenyewe kamili ilikuwa imeshapungua nguvu, lakini masalio yake yalikuwepo. Tulinawa, tukakaa chini kuzunguka ungo mkubwa wa ugali na maharage, tukala pamoja. Nami, mgeni, nilisogezewa upande wenye mboga nyingi. Babu aliniuliza habari za kwetu, akanisikiliza kama mtu mzima anavyosikilizwa. Siku ya kuondoka mama yake alinifungia maharage, akaniambia, "Mwanangu, hapa ni kwenu."

Ndugu wasikilizaji, sasa sikilizeni nilivyolipa wema huo.

Shule ilipofunguliwa, usiku mmoja bwenini vijana walikuwa wakisimuliana habari za likizo. Mmoja alikuwa ameenda Dar es Salaam, mwingine Nairobi. Nikaona na mimi niwe na la kuchekesha. Nikaanza kusimulia habari za Mbuji. Nikasimulia moshi wa jikoni, nyumba isiyo na kiti, na wajukuu kumi na tano kuzunguka ungo mmoja. Nikasema, "Wanakula kama ng'ombe kwenye hori." Bweni zima likacheka. Nikaona nimekuwa mtu mkubwa.

Yeye alikuwa mlangoni, anatoka kujisomea. Alisikia.

Hakunigombeza. Hakunisemesha kabisa. Asubuhi nilikuta lile sweta juu ya kitanda changu, limefuliwa na kukunjwa. Nilipomfuata akaniambia, "Ahsante. Nimeshapata jingine." Ulikuwa mwezi wa saba, na kwa mwezi mzima sikumwona na sweta jingine lolote.

Mwezi huo huo wa Julai 1989, mbali sana na bweni letu, nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilishindwa kuelewana. Utaratibu wa kimataifa uliokuwa ukipanga kiasi ambacho kila nchi iuze ukavunjika, na katika miezi michache bei ya kahawa duniani ikaanguka karibu nusu. Sisi wanafunzi hatukujua. Lakini Januari 1990 majina ya wasiolipa ada yaliposomwa mstarini, orodha ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na lake lilikuwemo. Likasomwa tena, na tena, mbele ya shule nzima. Siku moja nikarudi kutoka darasani, nikakuta kitanda cha chini kimebaki chaga tupu. Sanduku la mbao halipo. Alikuwa ameondoka bila kuniaga.

Baba yangu angeweza kusaidia. Sikusema kwamba angelipa yote, lakini angeweza. Rafiki yangu angeniambia shida yake mapema, kama tungekuwa bado tunazungumza. Hakuniambia, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwamba umaskini wa kwao kwangu ni kichekesho.

Basi, hilo ndilo langu. Tuliweke hapo, tutazame nchi.

Habari ya matabaka mashuleni haikuanza jana. Wakati wa Waingereza, Shule ya Tabora ilifunguliwa miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya wana wa machifu. Mwalimu Nyerere, ambaye baba yake alikuwa Chifu wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Juu ya hilo, nchi nzima ilikuwa na elimu ya vyumba vitatu: shule za Wazungu, shule za Wahindi, na shule za Waafrika, kila moja na bajeti yake na walimu wake. Mtoto wa Kiafrika na mtoto wa Kizungu wangeweza kuishi mji mmoja mpaka wakazeeka bila kukaa dawati moja. Ni Januari 1962 ndipo sheria mpya ya elimu ilipoifuta migawanyo hiyo ya rangi.

Lakini rangi ilipoondoka, hesabu ilibaki. Mwalimu aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na wa kidato cha sita 176 tu. Kwa hiyo kila aliyeingia sekondari alikuwa mteule, na hatari aliyoiona ilikuwa kwamba wateule hao wangejiona watu wa namna nyingine, wasiohusika na jembe la wazazi wao. Ndiyo maana akataka kila shule iwe na shamba, na mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkulima washike jembe pamoja.

Najua wapo wanaosema kwamba mambo hayo hayakufaulu, na mengine ni kweli hayakufaulu. Shamba la shule mara nyingi liligeuka mahali pa kuadhibiwa. Lakini jambo moja lilifaulu. Katika miaka ile ya sabini, shule za kulipia zilikuwa chache, na shule nzuri zilikuwa za serikali. Mtoto wa Mbinga alipelekwa Tabora, wa Bukoba akapelekwa Songea, na serikali ikampa waranti ya kusafiria. Mtoto wa mkuu wa idara alilala kitanda cha juu, wa mvuvi wa Liuli akalala cha chini. Wote walikula makande yale yale yenye wadudu, wakaugua malaria ile ile. Watu waliosoma hivyo, leo wana mvi, na ukiwauliza rafiki yao wa kufa na kuzikana ni nani, aghalabu watakutajia mtu wa bweni, wa kabila lingine na wa hali nyingine.

Halafu mambo yakabadilika. Katikati ya miaka ya 1980 ada ikarudi katika sekondari za serikali, na kwa wakulima ikawa mzigo. Miaka ya 1990 zikaanza kuchipua shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mwenye uwezo akahamisha mtoto wake. Kuanzia mwaka 2004 serikali ikafanya kazi kubwa ya kujenga sekondari za kata. Wanafunzi wa sekondari walikuwa zaidi kidogo ya 430,000 mwaka 2004, na walipofika mwaka 2009 walikuwa zaidi ya milioni 1.4. Mwaka 2016 ada ikafutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Hili ni jema kubwa. Maelfu ya watoto wa milimani na wa ziwani ambao zamani wangebaki nyumbani, leo wamevaa sare.

Lakini tazameni kilichotokea pembeni yake. Mlango wa maskini ulipofunguliwa, wenye nacho walikuwa wameshatokea mlango mwingine. Leo, mijini hasa, mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mama lishe hawagombani, wala hawadharauliani. Hawajuani tu. Mmoja anapita ndani ya basi la shule, kioo kimefungwa. Mwingine anasukumana mlangoni mwa daladala na konda anayemwambia, "Wanafunzi wawili tu!" Watakutana baadaye, mmoja akiwa hakimu na mwingine mshtakiwa, au mmoja daktari na mwingine mgonjwa, na hapo kila mmoja atashangaa mwenzake anazungumza lugha gani.

Na hata ndani ya shule za kata zenyewe, msidhani wote ni sawa. Ziko shule ambazo wazazi huchangia mahindi na maharage ili watoto wapate chakula cha mchana. Aliyechanga anakula. Ambaye mzazi wake hakuchanga anakaa chini ya mti mpaka wenzake wamalize. Wengine wanaotoka mbali hupanga vyumba karibu na shule, watoto wa miaka kumi na minne wanajipikia wenyewe, na mwisho wa wiki unga ukiisha hakuna wa kumwambia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, hata kama dawati ni moja.

Je, mambo haya yana uzito gani? Pengine msikilizaji mmoja anasema, huyu bwana anatuletea simulizi za sweta, wakati watoto wanahitaji vitabu na walimu wa sayansi. Basi nikuletee ya wataalamu.

Mwaka 2022, huko Marekani, timu ya wachumi akiwemo Raj Chetty wa Chuo Kikuu cha Harvard ilichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa. Walitazama urafiki wa watu zaidi ya milioni 70 katika mtandao wa Facebook, wakauliza: je, watoto wa maskini huinukia wapi zaidi? Wakakuta kwamba hakuna kipimo cha ujirani kilichoendana na kuinuka huko kama hiki: ni kwa kiasi gani maskini na wenye uwezo wa mahali hapo ni marafiki. Walikadiria kwamba watoto wa maskini wangekulia mahali penye urafiki wa namna hiyo kama wanaoupata watoto wa wenye uwezo, kipato chao cha ukubwani kingeongezeka kwa wastani wa asilimia 20 hivi.

Tena waligundua jambo la pili, na hili wazazi na walimu tulishike. Kuwaweka watoto shule moja ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kama watoto hao watafanya urafiki wakishakuwa pamoja, maana wanaweza kukaa jengo moja na kila kundi likala kona yake. Na walikuta kwamba katika nyumba za ibada, watu wa hali tofauti waliokutana walifanya urafiki kwa urahisi zaidi kuliko sehemu nyingine. Mtu wa Mbinga hatashangaa. Kanisani Jumapili benchi halina jina la mtu.

India nako kuna somo. Mwaka 2007 shule nyingi za kulipia za mji wa Delhi, za matajiri hasa, zilitakiwa kutenga sehemu ya nafasi zao kwa watoto wa maskini bila ada. Wazazi matajiri wakalalamika kwamba watoto wao wataharibika. Mchumi Gautam Rao akaenda kupima. Akakuta watoto wa matajiri waliosoma na maskini wamekuwa wakarimu zaidi, wanajitolea zaidi, na walipoambiwa wachague mwenzao wa mbio za kupokezana, walikuwa tayari zaidi kumchagua mtoto maskini mwenye mbio kuliko tajiri asiye na mbio. Katika masomo, madhara waliyoyaogopa wazazi yalikuwa madogo sana. Kumbe kilichoharibika ni dharau tu.

Sasa turudi kwa baba wa yule binti. Nisimhukumu haraka, maana hofu yake naielewa. Amehangaika, ametoka chini, na anaogopa mtoto wake kurudi alikotoka yeye. Anadhani umaskini unaambukiza kama surua. Lakini, ndugu yangu, umaskini hauambukizwi na rafiki anayeshika namba moja. Kinachoambukizwa ni mazoea, na mtoto yule wa mama lishe amezoea kuamka alfajiri, kumsaidia mama kusukuma chapati, kisha kuwahi darasani. Mazoea hayo utayanunua wapi, hata kwa ada ya mamilioni? Tena jihadhari. Ukimwambia binti yako amwache rafiki kwa sababu ya chapati, unamfundisha kupima watu kwa kazi za mama zao, na kipimo hicho kitamrudia siku atakapokutana na waliomzidi yeye. Wako wengi.

Kwa walimu nina maneno machache. Majina ya wanaodaiwa michango yasisomwe mstarini. Deni ni la mzazi, na mzazi ana masikio yake. Mkiamua shule ipike, basi watoto wote wale, na habari ya nani amechanga ishughulikiwe na wazazi kikaoni, mtoto asiwepo. Na mwenye shule ya bweni aweke kiwango cha vitu vya kubeba, ili tranka la huyu lisimcheke sanduku la yule.

Na kwa sisi wazazi wa mjini, hebu kila mmoja ajiulize usiku huu: mtoto wangu ana rafiki hata mmoja ambaye nyumbani kwao ni pa chini kuliko kwetu? Na kama yupo, je, ameshaingia sebuleni kwangu akakaa, akapewa maji, akaulizwa jina la mama yake? Au huwa anasimama getini tu, anasubiri aitiwe mwenzake?

Nimalizie habari ya rafiki yangu. Zilipita zaidi ya miaka 20. Safari moja ya kikazi ikanifikisha Mbinga, na pale sokoni nikamwona. Nilimjua kwa namna anavyosimama. Alikuwa anauza maharage kwenye magunia, ana mvi kidogo. Nikaenda nikamsalimu kwa jina la utani la bwenini. Akanitazama, akatabasamu, akafuta kigoda kwa kitambaa, akasema, "Karibu ukae, bosi."

Bosi! Mtu niliyekula naye ungo mmoja.

Tukazungumza habari za watoto. Akaniambia binti yake yuko sekondari ya kata, amepangiwa chumba karibu na shule, na hesabu anaziweza. Nikakusanya nguvu, nikamwambia, "Lile neno la bwenini, lile la hori, naomba unisamehe." Akacheka kidogo, akasema, "Yalishapita hayo. Tulikuwa watoto." Akanipimia maharage, akakataa kupokea fedha. Lakini mpaka tunaagana, hakuacha kuniita bosi.

Mama yangu mpendwa uliyeniandikia, jibu langu ni hili. Kama shule ile mpya ina walimu bora na maabara bora, mpeleke mtoto, usisite. Lakini sababu ya baba usiikubali. Kabla binti hajaondoka, mwalike rafiki yake na mama yake waje kwenu Jumapili, mle pamoja. Na Jumapili inayofuata, baba, mama na binti, nendeni kwao, mkaketi pale pale wanapokaa wao, mkale zile chapati. Kila likizo binti akirudi, rafiki yake awe wa kwanza kujua kwamba amefika. Na baba akikataa, msomee mazungumzo haya yakitoka gazetini.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia.